Jipu likandwe, lipasuliwe au litibiwe kwa dawa? Ulinganisho wa tiba za maambukizi ya stafilokokasi

Mtu akiota jipu, kila anayeliona ana tiba yake. Mmoja atasema likandwe mpaka liive, mwingine atasema tafuta kapsuli, wa tatu atataka likamuliwe papo hapo. Hawadanganyi. Kila mmoja amewahi kuona njia yake ikimponya mtu. Shida ni kwamba wanazungumzia majipu tofauti, yaliyofika hatua tofauti, kwa watu wenye afya tofauti, na wewe unabaki na uvimbe unaouma bila kujua umsikilize nani.

Ulinganisho huu ni kwa ajili yako. Nitazipima njia 5 za matibabu kwa vigezo vilevile, kisha njia 2 za kuzuia ugonjwa usirudi. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, ila kwa kila hali ipo inayofaa zaidi kuliko nyingine.

Kwanza, huyu bakteria

Stafilokokasi, bakteria anayeleta majipu, si mgeni. Takriban watu 3 kati ya 10 wanaishi naye puani bila kuumwa chochote, na wengine humbeba kwapani, kwenye kinena au kwenye mikunjo ya ngozi. Ngozi nzima humzuia. Matata huanza anapopata upenyo: mkwaruzo, kinyweleo kilichokatwa kwa wembe, sehemu iliyokunwa mpaka ikachubuka, kidonda cha upasuaji, au mrija uliowekwa kwenye mshipa wa damu. Hupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kugusana ngozi, na pia kupitia taulo, wembe na nguo.

Anapoingia juu juu huleta impetigo, vile vidonda vya watoto vyenye gamba la rangi ya asali kuzunguka pua na mdomo. Akiingia kwenye shina la nywele, hilo ni jipu, na kwenye ukingo wa kope ni chokea. Akisambaa ndani ya ngozi bila kukusanya usaha, madaktari huita selulaitisi, ingawa hiyo huletwa pia, tena mara nyingi, na bakteria mwingine aitwaye streptokokasi. Akipenya hadi kwenye damu anaweza kukaa kwenye mifupa, viungo, mapafu au valvu za moyo, na hapo si suala la ngozi tena. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalihusisha bakteria huyu na vifo zaidi ya milioni 1 duniani.

Kuna ugonjwa mmoja wake ambao sitaulinganisha hapa: kuharibika tumbo kwa chakula chenye sumu ya stafilokokasi. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 8 baada ya kula. Sumu ikishatengenezwa, kukipasha moto chakula hakuiondoi, na antibiotiki hazisaidii kitu. Kinachotakiwa ni kunywa maji ya kutosha na kupumzika, na kwenda hospitali ukishindwa kubakiza hata maji tumboni.

Usichague njia kabla ya kuangalia haya

Zipo dalili zinazofuta ulinganisho wote na kukupeleka hospitali leo hii: homa yenye kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka, moyo kwenda mbio, wekundu unaopanuka saa kwa saa, malengelenge au ngozi kugeuka nyeusi juu ya uvimbe, na maumivu makali kupita yanavyostahili kwa kinachoonekana. Vivyo hivyo uvimbe unaolisogelea jicho, na maambukizi yoyote kwa mtoto mchanga.

Jipu lililo kati ya pua na mdomo wa juu halikamuliwi hata kidogo. Mishipa ya damu ya eneo hilo inawasiliana na ile iliyo ndani ya fuvu, na kulibinya kunaweza kuwasukuma bakteria huko.

Dalili hizo zisipokuwepo, swali la kujiuliza ni moja: je, kuna usaha uliokusanyika, au kuna uvimbe uliosambaa? Weka vidole viwili juu ya uvimbe, kimoja kila upande. Bonyeza taratibu kwa kimoja. Ukihisi kitu laini kikisogea na kukisukuma kidole cha pili, usaha umekusanyika, jipu limeiva. Uvimbe ukiwa mgumu mahali pote, ama bado ni mbichi ama si jipu. Na kwa mwenye ngozi nyeusi, usingoje kuona wekundu. Tafuta rangi iliyokolea kuliko ngozi ya pembeni, wakati mwingine yenye uzambarau, ngozi iliyonyooka na kung'aa, na joto unaloligundua ukigusa kwa mgongo wa kiganja. Watu wengi huchelewa kutibiwa kwa sababu walikuwa wanangoja wekundu ambao kwao hauji.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo matano: inafanyaje kazi na inafika wapi, nafuu huja lini, hatari zake, inachangia kiasi gani usugu wa dawa (bakteria kuizoea dawa mpaka isiwaue), na inamfaa nani. Hicho cha usugu mara nyingi husahaulika na mgonjwa mmoja mmoja, lakini kitakurudia wewe mwenyewe siku utakapougua tena.

1. Kukanda nyumbani

Inavyofanya kazi: Kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kinawekwa juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Joto huongeza damu inayofika pale, kinga ya mwili hufanya kazi yake, na jipu huiva na kupasuka lenyewe. Haliui bakteria moja kwa moja.

Nafuu: Jipu dogo huweza kupasuka ndani ya siku chache, na maumivu hupungua ghafla usaha unapotoka. Mengine huchukua wiki au zaidi.

Hatari: Ni chache, na karibu zote zinatokana na haraka. Ya kwanza ni kuungua. Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kujiunguza asijue, kwa hiyo maji yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine. Ya pili ni kishawishi cha kulibinya au kulitoboa kwa pini. Usaha uko ndani ya ukuta uliojengwa na mwili. Ukiubinya kwa nguvu ukuta hupasukia ndani, na maambukizi yaliyokuwa yamefungiwa yanapata njia ya kusambaa. Likipasuka lenyewe, futa usaha kwa shashi, osha kwa maji na sabuni, funika, kisha nawa mikono. Kitambaa ulichotumia kisiguse mtu mwingine kabla ya kufuliwa kwa maji ya moto.

Usugu: Haichangii kabisa.

Inamfaa: mtu mwenye afya njema, jipu dogo moja, lisilo usoni wala sehemu za siri, bila homa. Chokea nayo karibu kila mara huishia hapa. Haimfai mwenye selulaitisi, kwa sababu hakuna usaha wa kuuvuta juu, na kila siku unayoipoteza ukikanda ni siku ya ugonjwa kusambaa.

2. Dawa ya kupaka

Inavyofanya kazi: Marhamu ya mupirosini au asidi ya fusidi huwaua bakteria walio juu ya ngozi. Haifiki ndani ya jipu. Nalisisitiza hilo kwa sababu watu wengi hupaka marhamu juu ya jipu kwa wiki nzima na kushangaa kwa nini haliponi.

Nafuu: Kwa impetigo, gamba huanza kukauka ndani ya siku 2 au 3, na dozi ya kawaida ni siku 5. Gamba lilainishwe kwa maji ya uvuguvugu na kuondolewa taratibu kabla ya kupaka, la sivyo dawa inabaki juu ya gamba na bakteria wako chini.

Hatari: Ngozi kuwasha au kuchoma kidogo, na mara chache mzio.

Usugu: Hapa panahitaji tahadhari. Bakteria huizoea asidi ya fusidi na mupirosini zikitumika ovyo au kwa muda mrefu. Ndiyo maana kwa impetigo ndogo ya mahali pamoja, mwongozo wa Uingereza umeweka krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 kuwa chaguo la kwanza kabla ya antibiotiki. Usiweke akiba ya tyubu nyumbani kwa ajili ya kila mkwaruzo; mkwaruzo unaponywa na maji, sabuni na bandeji.

Inamfaa: mtoto au mtu mzima mwenye vidonda vichache vya juu juu, au vijipele vya kwenye vinyweleo. Mtoto mwenye impetigo abaki nyumbani mpaka vidonda vikauke au zipite angalau siku 2 tangu aanze dawa. Vidonda vikiwa vingi au vikienea mwilini, kupaka hakutoshi.

3. Kupasuliwa jipu

Inavyofanya kazi: Usaha ukishajikusanya, tiba yake ni kuutoa. Antibiotiki husafiri kwa damu, na ndani ya jipu hakuna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa hufika kwa shida, na ikifika hukuta mazingira yasiyoiruhusu kufanya kazi vizuri. Mhudumu husafisha ngozi, huchoma ganzi, hupasua sehemu iliyolainika, huutoa usaha, kisha huingiza kifaa au kidole chenye glavu kuvunja vijumba vya ndani ambako usaha mwingine umejificha. Halafu huosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa. Kidonda hakishonwi, huachwa wazi kipone kuanzia ndani kuja nje. Pakiwa na shaka kama kuna usaha, kipimo cha ultrasaundi huonyesha.

Nafuu: Ya haraka kuliko njia zote kwa jipu lililoiva. Yale maumivu ya kupwita hupungua siku hiyohiyo. Kidonda chenyewe huchukua wiki 1 hadi 3 kujifunga, kutegemea ukubwa.

Hatari: Inauma, na ni vizuri uambiwe mapema. Ganzi haifanyi kazi kikamilifu mahali penye usaha, hivyo omba dawa ya maumivu kabla, si baada. Kovu hubaki. Kuna pia kutoka damu, na jipu kurudi endapo kijumba kimoja kimeachwa. Majipu ya titi, shingo, kiganja, uso na karibu na njia ya haja kubwa ni ya daktari wa upasuaji, na mtoto mdogo huhitaji dawa ya kumtuliza.

Usugu: Haichangii. Zaidi ya hapo inatoa faida ambayo njia nyingine hazina: usaha ukishatoka, unaweza kupelekwa maabara kuoteshwa ili ijulikane bakteria ni yupi na dawa ipi inamuua.

Inamfaa: yeyote mwenye jipu lililoiva na kubwa, au lililogoma kupasuka baada ya kukandwa. Lisilofaa kupasuliwa ni lile bichi. Kulikata mapema huleta damu na maumivu bila usaha.

4. Antibiotiki za kumeza

Hii ndiyo njia inayokimbiliwa kuliko zote, na ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Inavyofanya kazi: Dawa huingia kwenye damu na kufika kwenye ngozi na nyama. Inafaa pale ambapo maambukizi yamesambaa. Lakini si kila antibiotiki humuua stafilokokasi. Alexander Fleming alipogundua penisilini mwaka 1928, ilikuwa kwenye sahani ya stafilokokasi waliouawa na kuvu. Leo bakteria haohao, walio wengi, hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijawafikia. Amoksilini inavunjwa vivyo hivyo. Hizo kapsuli zilizobaki kabatini tangu ulipoumwa koo zina uwezekano mkubwa wa kutofanya lolote kwenye jipu lako, zaidi ya kukuharisha.

Zinazotumika kwa kawaida ni flukloksasilini au kloksasilini, ambazo kimeng'enya hicho hakiziwezi, au sefaleksini. Methisilini, ya kwanza katika ukoo wa kloksasilini, ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 Uingereza ilikuwa imeripoti stafilokokasi walioishinda. Hao ndio MRSA. Ukoo wote wa kloksasilini na karibu sefalosporini zote (ukoo wa sefaleksini) haziwawezi. Kwa maambukizi ya ngozi ya MRSA, daktari huchagua kati ya kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kama septrini, doksisaiklini na klindamaisini.

Nafuu: Usitarajie muujiza siku ya kwanza. Wekundu unaweza hata kupanuka kidogo mwanzoni. Chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka ukingo wa wekundu au ugumu, andika saa pembeni. Kufikia saa 48 hadi 72, homa na maumivu yawe yamepungua na ukingo uwe umesimama au umerudi ndani ya mstari. Ukivuka mstari na kuendelea, dawa haifanyi kazi au kuna usaha uliojificha. Selulaitisi isiyo na matatizo mara nyingi hutibiwa kwa siku 5 hadi 7.

Hatari: Kila dawa ina zake. Flukloksasilini humezwa tumbo likiwa tupu na haifai kwa mwenye mzio wa penisilini. Doksisaiklini imezwe kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, kwa sababu ikikwama huchoma umio. Huifanya ngozi iungue kirahisi na jua, na kwa kawaida haipewi wajawazito wala watoto chini ya miaka 8. Kotrimoksazoli mara chache huleta mzio mkali wa ngozi kubabuka, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, amwambie daktari mapema. Klindamaisini hujulikana kwa kuharisha, ambako pengine huwa kukali kiasi cha kuhitaji matibabu kwenyewe.

Usugu: Ndiyo njia inayouchochea zaidi kati ya zile za nyumbani. Kila dozi huwagusa pia bakteria wasiohusika, na wanaobaki ni wale waliovumilia. Kumpa jirani nusu ya dozi ni kuwaacha wawili bila tiba kamili.

Inamfaa: mwenye selulaitisi bila dalili za hatari, mwenye majipu mengi, mwenye impetigo iliyosambaa, na mwenye kinga dhaifu au kisukari hata kama jipu ni moja. Mama anayenyonyesha mwenye uvimbe wa titi na homa yumo humu pia. Aendelee kunyonyesha, maana maziwa yakikwama ugonjwa huzidi, na daktari atamchagulia dawa isiyomdhuru mtoto.

Je, ukipasuliwa bado unahitaji dawa?

Swali hili wataalamu wamelijadili kwa muda mrefu. Zamani jibu lilikuwa kwamba kupasua kunatosha. Kisha Marekani zikafanyika tafiti mbili kubwa. Katika ile iliyochapishwa 2016, kati ya waliopasuliwa kisha wakapewa kotrimoksazoli walipona asilimia 80.5, na waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 73.6. Ile ya 2017, iliyohusu majipu yasiyozidi sentimita 5, ilipata takriban asilimia 83 kwa klindamaisini, 82 kwa kotrimoksazoli na 69 kwa wasiopewa dawa. Lakini madhara yaliwapata takriban asilimia 22 ya waliomeza klindamaisini, dhidi ya 11 kwa kotrimoksazoli na 12.5 kwa wasiopewa dawa.

Ninavyozisoma takwimu hizo, pande zote mbili zina hoja. Kati ya watu 100, karibu 70 hupona kwa kupasuliwa tu, na dawa huwaongeza 7 hadi 14. Aliyewahi kuharishwa vibaya na antibiotiki, mwenye jipu dogo na afya nzuri, ana haki ya kuuliza kama anaweza kungoja kwanza. Mwenye kisukari, jipu kubwa, au wekundu uliosambaa kuzunguka kidonda, dawa inamfaa.

5. Dawa za mshipani, kwa kulazwa

Inavyofanya kazi: Dawa huingia moja kwa moja kwenye damu kwa kiwango ambacho vidonge haviwezi kukifikisha. Kwa stafilokokasi wa kawaida ni kloksasilini, flukloksasilini au sefazolini. Kwa MRSA mara nyingi vankomaisini. Si kweli kwamba vankomaisini ni "kali zaidi" kwa kila kitu. Kwa stafilokokasi asiye MRSA, kloksasilini na sefazolini hufanya kazi vizuri kuliko hiyo, na ndiyo maana daktari akipata majibu ya maabara anaweza kukubadilishia dawa. Asikutie hofu, amekupa iliyo bora.

Nafuu: Homa hushuka ndani ya siku chache, lakini matibabu ni marefu. Bakteria wakiwa kwenye damu ni wiki 2 kwa uchache, zikihesabiwa tangu damu iliyooteshwa ianze kuonekana safi. Kwenye valvu ya moyo ni wiki 4 hadi 6. Kwenye mfupa takriban wiki 6. Mwaka 1941, Albert Alexander, askari polisi wa Oxford mwenye maambukizi mabaya ya stafilokokasi na streptokokasi, alikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kutibiwa kwa penisilini. Alianza kupata nafuu ndani ya siku chache. Penisilini iliyokuwepo ikaisha, hata ile waliyoichuja kutoka kwenye mkojo wake, ugonjwa ukarudi, naye akafariki. Ukijisikia vizuri wiki ya pili na kutamani kuondoka, hiyo ndiyo sababu ya kubaki.

Hatari: Mrija wa mshipani wenyewe ni mlango wa stafilokokasi. Ukiona mahali palipochomwa pamevimba, pana joto au pana uchungu, mwambie muuguzi saa hiyohiyo, usingoje zamu ya asubuhi. Vankomaisini huweza kuumiza figo, kwa hiyo kiwango chake kwenye damu hupimwa. Juu ya hayo kuna gharama, kazi iliyosimama na familia iliyoachwa.

Usugu: Ni mkubwa kama dawa itatolewa bila vipimo. Hupungua sana damu ikioteshwa kabla ya dozi ya kwanza.

Inamfaa: wenye dalili za hatari nilizotaja juu, walioshindwa na vidonge, wanaotapika dawa, na wenye maambukizi ya mfupa, kiungo au damu.

Kuzuia yasirudi: usafi wa kila siku au kujisafisha kwa dawa?

Chanjo ya stafilokokasi iliyoidhinishwa haipo mpaka sasa, kwa hiyo zinabaki njia mbili.

Usafi wa kila siku hauondoi bakteria wote, unawazibia njia. Kunawa mikono kwa sabuni, kufunika kila kidonda mpaka kipone, kila mtu taulo lake na wembe wake, kubadilisha shuka na nguo za ndani, kuoga mara baada ya michezo ya kugusana. Bakteria huyu huweza kuishi kwenye kitambaa kikavu kwa siku nyingi, hivyo taulo lililokauka si lazima liwe salama. Njia hii haina madhara wala usugu, inamfaa kila mtu, na udhaifu wake ni kwamba inadai nidhamu ya nyumba nzima. Akilegea mmoja, taulo lake linatosha.

Kujisafisha kwa dawa ni kupaka mupirosini ndani ya pua mara 2 kwa siku kwa siku 5, na kuoga kwa sabuni ya kloroheksidini, isiyotakiwa kuingia machoni wala masikioni. Huwapunguza bakteria haraka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, wa watu waliotoka hospitalini wakiwa wabebaji wa MRSA, ulionyesha maambukizi ya MRSA kupungua kwa asilimia 30 kwa waliorudia utaratibu wa namna hii kwa miezi 6, ukilinganisha na waliopewa elimu ya usafi tu. Lakini bakteria hurudi baada ya wiki au miezi, na usugu wa mupirosini upo. Inamfaa mwenye majipu yanayojirudia licha ya usafi, au anayejiandaa kwa upasuaji mkubwa kama wa moyo au wa kubadilisha nyonga. Mtu ambaye hajawahi kuota jipu hana sababu ya kuifanya. Na kama majipu yanazunguka nyumbani, leo kwa mtoto, mwezi ujao kwa mama, wote wasafishwe pamoja, kwa sababu kumsafisha mmoja na kumrudisha kwa wabebaji wengine hakudumu.

Uchague nini kwa hali yako

Jipu moja dogo, ngumu bado, huna homa wala kisukari: kanda, funika, usilibinye. Likifika siku ya 5 bila dalili ya kuiva au likikua, nenda likaangaliwe.

Jipu laini, kubwa, linalopwita na kukunyima usingizi: nenda likapasuliwe, na ulizia usaha kupelekwa maabara, hasa kama umewahi kuota mengine au umelazwa hospitali miezi ya karibuni. Suala la vidonge baada ya hapo lijadili kwa namna nilivyoeleza.

Hakuna usaha, ila ngozi imevimba, ina joto na inasambaa: vidonge kutoka kwa daktari, si kutoka kabatini, na ule mstari wa kalamu. Ukiwa mguuni, uinue juu ya usawa wa nyonga unapolala, na kagua kati ya vidole kama kuna fangasi, maana mipasuko yake ndiyo mlango. Fangasi isipotibiwa, selulaitisi hurudi.

Mtoto ana vidonda vichache vyenye gamba: dawa ya kupaka, kucha zikatwe, taulo lake peke yake. Ngozi ikianza kuwa nyekundu mwili mzima na kubabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, hiyo ni sumu ya bakteria inafanya kazi, na mtoto apelekwe hospitali bila kungoja.

Unatumia tamponi na ghafla unapata homa kali, vipele kama vya kuungua jua, kutapika na kizunguzungu: itoe tamponi na uende hospitali papo hapo.

Una kisukari, unasafishwa figo kwa mashine, unatumia dawa zinazoshusha kinga, au una valvu ya moyo ya bandia: usianze na njia ya 1, hata jipu likiwa dogo. Onwa siku hiyohiyo. Homa isiyo na sababu, au maumivu mapya ya mgongo wiki chache baada ya jipu, yanatosha kudai damu ioteshwe, kwa kuwa mifupa ya uti wa mgongo ni mahali ambapo stafilokokasi hupenda kujificha.

Umeanza dawa na siku 3 zimepita bila nafuu: rudi na vidonge vyako mkononi, daktari aone umemeza nini na kiasi gani. Omba aangalie tena kama kuna usaha chini, na kama utakuwepo, utolewe na uoteshwe kabla hujaandikiwa dawa nyingine.